Harufu Niliyodai Kuisikia

Jumanne, alasiri. Mawingu mazito upande wa mji wa Kikuyu, mto wetu unakotoka. Hapa Dagoretti halijadondoka tone.

Wapendwa wasomaji, nawasalimu nyote kwa heshima, wa karibu na wa mbali. Niwieni radhi kwa kukaa kimya majuma matatu. Sikuwa mgonjwa. Niliogopa kuandika haya.

Marehemu mke wangu, Wanjiku, alilima nduma kando ya mto huu kwa miaka mingi, nao ukamfunza jambo moja. Mto ukinuka machinjio na mitaro, kaeni. Ukiacha kunuka ilhali hapa hakuna mvua, basi maji ya juu yameshausafisha, na mengi zaidi yanafuata. Mwaka wa mafuriko makubwa, onyo la simu lilitukuta tumekwisha kuketi na magodoro yetu katika ua wa kanisa, huku juu. Aliyetutoa ni Wanjiku.

Alipofariki, majirani wa vyumba vya mabati kule chini walinikabidhi kazi yake. Kila siku ya msimu wa mvua huniuliza, wakiniita babu kwa Kikuyu, "Guka, mto unasemaje?" Nami hushuka, husimama ukingoni, kisha huwapa jibu.

Siwezi kunusa.

Ni tangu homa ya mwaka jana. Niligundua siku maziwa yalipoungua jikoni, nami nimeketi hatua mbili tu kutoka hapo. Nilipaswa kusema siku hiyohiyo. Badala yake nimekuwa nikitazama rangi ya maji, na wapita njia kama wameziba pua. Niliona haya kupoteza kitu cha mwisho alichoniachia.

Leo saa tisa nimetamka, kama kawaida, "Unanuka. Kaeni kwa amani." Mama Akinyi, jirani anayekaanga samaki karibu na daraja, akaangua kicheko.

"Guka nawe! Unanusa nini? Huo mto tangu asubuhi hauna kitu. Mimi nasikia samaki yangu tu!"

Alidhani natania. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka. Nikamweleza yote palepale.

"Na watoto wangu wako huko chini, Guka."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Sasa naandika nikiwa katika ua wa kanisa. Familia nne zimepanda. Zilizobaki zimemkatalia Mama Akinyi katakata alipokwenda kuzionya: "Guka amesema unanuka. Guka, mzee wa kanisa, atudanganye?"

Neno langu ndilo linalowashikilia kule.

Mto bado haujapanda. Huenda usipande. Natamani nionekane mzee mpumbavu tu, basi.

Goti langu haliwezi mteremko ule mara ya pili. Nimeandika kwenye karatasi, kwa mwandiko wanaoujua: *Nilidanganya. Sisikii harufu yoyote. Tokeni sasa. Nisameheni baadaye.*

Anayeipeleka ni Mama Akinyi, mlango kwa mlango. Ameshazima jiko lake, nami namwona akiteremka.