Friji Ambayo Sijaiwasha

Mjukuu wangu Zaituni,

Nakusalimu kutoka Kansanga. Tu wazima, ila goti la mama yako limerudi kumsumbua, na mvua imeozesha maharage yote shambani.

Umeuliza kwa nini niliwafukuza wanunuzi wa vyuma chakavu waliokuja kuchukua friji mbovu. Si mbovu.

Tuliachiwa na jirani yetu Mhindi, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa nchini. Ilikuwa haigandishi. Babu yako, fundi wa friji kama utakavyokuwa wewe, akaziba mrija uliotoboka, akaitia gesi, kisha akaniambia nipake povu la sabuni pale alipoziba. Nikainama kutazama. Hakikutoka kiputo hata kimoja.

"Haivuji," akasema. "Iache itulie. Usiiwashe mpaka nirudi."

Askari walikuwa wanamngoja nje. Walisema friji ya kantini yao imeharibika. Akabeba vifaa vyake, akapanda gari lao.

Hakurudi. Nami sijaiwasha.

Sasa unaniandikia kwamba gesi ile ya zamani ikiachiwa hewani inaipasha dunia joto, na inatakiwa kuvutwa kwenye mtungi. Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba wale vijana wangeukata mrija kwa msumeno, na alichokitia babu yako kingepotea hivi hivi.

Basi njoo na mtungi wako uivute mwenyewe, taratibu. Lakini kabla hujafungua, paka povu pale alipoziba, utazame. Mimi huwa napaka kila Idi.

Bibi yako