Nafasi ya Kuitikia

Arusha, 20 Januari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mama naye mfikishie shikamoo yake, na natumaini goti limetulia baada ya ile dawa ya kuchua. Mimi sijambo, ni kazi tu na vumbi. Naandika kwa sababu mdogo wangu Basili amesema ile simu umeirudisha tena kabatini, kwamba inakata maneno.

Uliuliza Krismasi ninafanya nini hasa huku mjini, nami nikajibu juu juu kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa wageni. Basi ni hivi. Ijumaa na Jumapili jioni napiga piano kwenye hoteli ileile. Jumamosi asubuhi nafundisha watoto, wengine miguu haifiki chini wakikaa kwenye kiti. Mwezi wa saba nataka kuja kupiga nyumbani, Mbulu na Katesh, mimi na Clement wa gitaa la besi. Nairobi nimekaa miaka, Kampala na Zanzibar nimeshapiga, lakini kwetu bado. Na kubwa kuliko yote ni albamu. Ni ya tatu, ila ni ya kwanza ambayo nyimbo zote nimetunga mwenyewe.

Wimbo wa nne ni wako. Unakumbuka baada ya chakula uliposimama ukatamka slufay, ile baraka yetu, wewe unatoa mstari na sisi tunaitikia "eee"? Nilikuomba nikurekodi ukasema sawa, nikaweka simu juu ya kabati la vyombo. Alfredi, fundi wetu wa sauti, ameisafisha vizuri sana. Ametoa makelele yote: mbwa, vijiko, na sisi tuliokuwa tunaitikia. Umebaki wewe peke yako na piano yangu chini yako.

Nimempa kondakta wa basi flashi. Basili aichomeke kwenye redio mwisikilize. Naomba uniambie unaonaje. Ukikataa, huo wimbo sitautoa.

Binti yako,
Letisia


Endagikot, 8 Februari 2024

Mwanangu Letisia,

Marahaba. Milele amina. Sisi huku ni wazima. Mama yako anasema dawa ya goti inanuka lakini inasaidia, kwa hiyo nyumba ina harufu na nafuu kwa pamoja. Mahindi yamesimama vizuri isipokuwa kule bondeni.

Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba flashi imefika na tumeisikiliza. Kwanza nikuulize, hii ndiyo jazi? Jazi ninayoijua mimi ina magitaa na tarumbeta, na watu wanacheza mpaka viatu vinaisha soli. Hii yako naona watu wamekaa. Mama yako amesema ni nzuri ya kuchambulia maharage, na amechambua debe zima, kwa hiyo usimchukie.

Sasa huo wa nne. Mwanangu, umenifanya nini? Nasema mvua inyeshe, kimya. Nasema ng'ombe wazae, kimya. Nasema watoto wafike salama walikokwenda, kimya, na wewe ulikuwepo, nilikuona kwa macho yangu ukiitika! Mtu akisikia atadhani Akonaay amegombana na ukoo mzima. Mimi nikibariki nisipoitikiwa nimejisemea tu, kama mtu mwenye homa. Hao mliowaita makelele ndio waliobeba ile baraka. Mimi nilikuwa naitamka tu.

Nimeumia, sikufichi. Jibu langu ni hapana.

Salamu kwa huyo Clement. Anakula? Sauti yake ya gitaa ni ya mtu asiyekula.

Baba yako


Arusha, 17 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Habari za huko? Mimi mzima.

Barua yako niliisoma jikoni nikalia, halafu nikafika pale pa Clement nikacheka, halafu nikalia tena. Nisamehe. Sikufikiri. Niliambiwa sauti safi ndiyo nzuri nikakubali, mimi niliyelelewa nikiitika kabla sijajua kutembea. Wimbo hautatoka. Na ubaya ni kwamba ile ya kwanza yenye watu wote haipo tena. Alfredi kafuta, na mimi nilifuta kwenye simu ili nipate nafasi ya picha.

Lakini nami niseme langu, baba, usinikasirikie. Tangu niache chuo cha uuguzi nikafuata piano hujawahi kunisema vibaya. Wazee wengine wangenifukuza, wewe ulinipa gunia la viazi na nauli. Nashukuru mpaka leo. Ila hujawahi kunisema vizuri pia. Hujasema chochote. Nina miaka arobaini na sita, nimepiga mbele ya watu nusu ya maisha yangu, na wengi wao wanakula. Wakipiga makofi, wanapiga na uma mkononi. Wewe umesikia baraka yako haina mwitikaji mara moja umeumia. Mimi ndiyo kazi yangu kila Ijumaa.

Sitaki sifa. Natamani tu siku moja nipige kitu, wewe useme "eee".

Nimemaliza. Mama asisome hii.

Binti yako,
Letisia


Arusha, 29 Machi 2024

Baba na mama,

Shikamooni. Leo Ijumaa Kuu hoteli haina muziki, nimekaa nyumbani. Heri ya Pasaka.

Sijapata barua. Kondakta anasema hajapewa kitu. Kama nilivuka mipaka, baba, niambie hivyo hivyo, maana kimya chako ni kirefu kuliko barabara ya kuja huko. Basili kwenye simu ananijibu "mzee yupo tu", jibu ambalo halinisaidii.

Albamu tumeisimamisha. Alfredi anasema tuweke wimbo mwingine pale pa nne. Nimejaribu miwili na yote inakaa kama meno ya kuazima.

Binti yenu,
Letisia


Endagikot, 21 Aprili 2024

Mwanangu Letisia,

Marahaba. Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea vizuri, mvua ni nyingi, barabara ya Endagikot imekuwa uji.

Sikununa. Nilikuwa napanda vitunguu saumu. Halafu nilikuwa natafuta la kukujibu, na hiyo kazi ni ngumu kuliko vitunguu. Barua yako mama yako aliisoma, samahani, aliikuta kwenye koti. Tangu siku hiyo ananiwekea chai bila kunitazama.

Madhumuni ya barua hii ni haya. Kuhusu lile neno unalolitaka, mimi sijakuona ukipiga tangu ulipokuwa unapiga kinanda cha kwaya na soksi moja. Nikuitikie nini? Redio? Redio hainioni nami siioni. Njoo hapa upige niwe nimekaa mbele yako, sikio langu zuri likiwa upande wako. Nimeongea na paroko, ukumbi anatoa. Na baraka nitaisema upya siku hiyo hiyo, watu wakiwepo. Huyo Alfredi aje na mashine zake arekodi kila kitu. Mbwa akibweka, abaki humo humo.

Sikuahidi neno lolote. Nimesema njoo.

Basili anasema kinanda atakibeba kwenye pikapu. Mwambie mapema, maana mwezi wa saba pikapu ina kazi ya maharage.

Baba yako


Katesh, 15 Julai 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Tumefika Katesh salama na jana tumepiga hapa. Mlima Hanang umejifunika mawingu tangu tulipofika, kama umekataa kuonana nasi, lakini watu wa Katesh wamekuja wengi. Mama anaendeleaje baada ya kucheza namna ile? Goti lisije likanidai mimi.

Samahani tuliondoka jana alfajiri hata hatukukaa tukaongea. Nina mengi. Nimeketi nyumba ya wageni na blanketi mbili mabegani, nakuandikia kabla hayajapoa.

Juzi pale ukumbini nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa Nairobi. Nilipofungua kinanda nikakuta maharage kati ya vibonyezo nikasema yamekwisha. Halafu nikawaona mmekaa, wewe mstari wa mbele umegeuza sikio, na rafiki yako Gidamis aliyetoka Gendabi na fimbo yake kana kwamba amekuja mnadani. Ulipoanza baraka na ukumbi mzima ukaitika, Clement alipoteza hesabu kabisa. Ananiambia hajawahi kupiga na watu mia mbili ambao hawakufanya mazoezi na hawakukosea. Alfredi alikuwa anafuta macho, anasingizia vumbi. Sasa wimbo wa nne upo, baba. Upo wote, na mbwa yumo.

Lakini si hilo ninalotaka kukuuliza.

Baada ya baraka nilipiga ule wa polepole, usio na maneno. Huo nimeubadilisha tangu Februari. Nilikuwa naujaza noti kila mahali, kama mtu anayeongea ili asiulizwe swali. Baada ya barua yako nikaanza kuzitoa. Nikaacha nafasi. Sikumwambia mtu kwa nini. Basi nikafika kwenye nafasi ya kwanza, macho yangu yako kwenye vidole, na mtu mmoja akasema "eee". Taratibu tu, mahali pake hasa. Na ya pili tena. Nikaongeza kosa moja ambalo Clement peke yake alilisikia.

Clement anasema alikuwa Gidamis. Basili anasema hakusikia, alikuwa nje na pikapu. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa.

Baba, nani alisema?

Binti yako,
Letisia


Endagikot, 11 Agosti 2024

Mwanangu Letisia,

Marahaba sana. Sisi ni wazima. Goti la mama yako limevimba siku mbili likashuka. Anasema halijutii.

Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba vitunguu saumu tumeanza kung'oa na vimekuwa vikubwa, ngumi ya mtoto. Nimekutumia kiroba, mpe na Clement.

Watu bado wanaongelea mkutano wako. Mwenyekiti wa kwaya anataka uje uwafundishe watoto siku za likizo, nimemwambia akuandikie mwenyewe, mimi si karani wako. Gidamis amerudi Gendabi. Anauliza mwanamke wa kinanda atakwenda lini kupiga kule. Nimemwambia ukienda asiitike hovyo kama alivyofanya, maana aliitika mpaka Clement alipokuwa anakaza nyuzi.

Kuhusu swali lako, ukumbi ulikuwa umejaa, na mimi sikio langu ni moja. Watu walisema mengi. Mama yako anasema anajua lakini hasemi, na mimi sijamuuliza.

Nakutakia kazi njema.

Baba yako


Arusha, 3 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mama shikamoo. Mimi mzima wa afya na furaha, nasema wazi nisije nikaonekana najivuna nikinyamaza.

Albamu imetoka. Humu ndani kuna nakala yenu. Juu nimeandika jina lako, na chini yake "na watu wa Endagikot". Wiki iliyopita niliipiga hotelini yote, toka mwanzo hadi mwisho. Wa nne ulipofika, sauti yako ikatoka spikani, na mhudumu mmoja wa Dongobesh, mtu wa kwetu, alikuwa anapita na sinia. Akasimama katikati ya meza, akaitika. Wageni wakageuka wakamwangalia. Kwenye mstari wa pili wa baraka, mezani kwao, wakajaribu na wao, kwa aibu aibu. Baba, waliweka uma chini!

Desemba nakuja kufundisha watoto wa kwaya wiki mbili. Baada ya mwaka mpya nitapita Gendabi na Hirbadaw, Gidamis ameshatuma salamu za vitisho. Na nimeanza kutunga mpya, zenye nafasi nyingi zaidi.

Lile swali langu sirudii. Wewe una njia zako. Ila nimejaribu kutunga baraka yangu ndogo, mimi ambaye sijawahi. Mistari ipo kwenye karatasi ya pili. Chini ya kila mstari nimeacha nafasi.

Binti yako,
Letisia


Endagikot, 24 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima. Nakurudishia karatasi yako ya pili, isikae bure. Mengine tutaongea Desemba. Njoo na soksi mbili, kuna baridi.

*Goti la mama lipone, apande mlima wa kanisa bila kupumzika njiani.*

Eee.

*Vitunguu visioze ghalani, na panya wapotee njia.*

Eee. Panya mmoja ameshaijua njia, lakini eee.

*Wanaonisikiliza wakila, washibe, kisha wanyanyue macho.*

Eee.

*Na yule aliyeniitikia ukumbini, awe nani awe nani, aishi miaka mingi anisikie tena.*

Eee. Nilikuwa mimi.

Baba yako