Kilichokuwa Tumboni mwa Kambare

Bibi, mke wangu, shikamoo! Samaki wa bwawa la Igombe wakisikia jina langu wanahama usiku.

Huku wote wanavua kwa minyoo. Mimi nikajiuliza, kambare mwenyewe akijipikia anakula nini? Nikamwomba mama anayeuza samaki ufukweni anipasulie tumbo la mmoja. "We kijana, unatafuta hirizi humo?" Mnyoo hakuna! Kuna visamaki vyenye madoa ya njano kwenye pezi la chini. "Furu hao," akasema, "wamejaa pale kwenye matete." Nikawachota kwa chandarua kikuukuu, nikamtunga mmoja kwenye ndoana. Haukupita muda, nikavuta kambare mrefu kuliko mguu wako! Nikasema basi, huyu ndiye yule wa kukaushwa niliyekuahidi.

Jifunike vizuri na baridi, usiolewe nikiwa huku. Ila usinune, Bibi: nilimfunga kwenye baiskeli nikamtembeza Tabora nzima watu wamwone, jua linawaka. Nilipomfikisha kwa Shangazi tumkaushe, alikuwa ameshaoza.

Mumeo,
Shabani