Chawa Waliozoea Dawa

Jumatano ya Majivu, 1 Machi 1995
Tumewapulizia tena wakimbizi hapa kambini dawa ya unga – kwenye kola, mikononi, kiunoni. Mara ya tatu tangu Krismasi. Bibi mmoja, Dafroza, akageuza pindo la kitenge chake. Chawa kama ufuta uliomwagika, wanatembea juu ya dawa. Wanatembea! Nikamwambia hafui. Akajibu taratibu kwamba maji anayopata ni ya kunywa tu.

Ijumaa, 3 Machi
Msimamizi wetu, Anatoli, anasema wakimbizi wanauza dawa na kujipaka majivu. Basi nikafungua kopo jipya mwenyewe, nikatia chawa wa Dafroza na dawa kwenye chupa. Jioni wengi bado wazima. Weupe kwa dawa, wanapandana. Wali ulinishinda.

Jumamosi, 4 Machi
Daktari kaiangalia chupa. Anasema mwaka jana dawa iliua wengi, wachache wakaivumilia. Hao ndio waliozaa. Hawa ni vizazi vyao, wamezaliwa na uvumilivu huo. Hakuna chawa aliyejifunza kuizoea, ukoo ndio umebadilika. Sasa ni kuchemsha nguo. Kwa kuni zipi? Vilima vyote ni visiki.
Dafroza ana homa. Madoadoa kifuani. Daktari anasema ni homa ya chawa.

Jumatatu, 6 Machi
Dafroza amefariki. Mwili ulipopoa chawa wakaanza kumhama – kundi zima, kwenye blanketi, kuja mikononi mwangu. Nikatapika mbele ya binti yake, Akimana. Yeye mfiwa ndiye aliyenishika mgongo. Mpaka sasa najisikia kutambaliwa.

Jumamosi, 11 Machi
Nyumbani, Murusagamba. Sijaingia ndani. Mama alitoka na mwanangu Renatus mgongoni.
– Shikamoo, mama.
– Marahaba. Mbona husogei, Auleria?
Nikamwomba achemshe maji, aniletee kanga, nivulie nguo huku kwenye migomba. Akacheka. Ya nini, na dawa uliyoleta mwezi jana ipo? Anampaka Renatus kila jioni. Maana anajikuna.
Nikamwambia amvue vyote, atie sufuriani. Hata fulana? Hata fulana. Akanuna – mimi ndiye niliyemletea dawa, sasa namfokea.
Naandika nikiwa nimekaa chini ya mgomba na kanga tu. Maji bado hayajachemka. Renatus analia ndani. Mama ananiita nije nimguse paji la uso, anasema ni la moto. Nimetazama mikono yangu. Ananiita tena.