Kistari Kisicho na Kufuli

Addis Ababa, Ijumaa

Kwako kaka Yared,

Natumaini hamjambo huko Hawassa, na kifua cha wifi kimepona. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Bosi wetu, Woizero Tsigereda, uliyemwomba anipokee, anakusalimu. Tunaandika programu ya visanduku vya joto vya watoto njiti. Shuleni tulifundishwa lugha ya kompyuta inayofunga: ukigusa kitu cha ndani kutoka nje, mashine inakataa. Lugha ya hapa haifungi. Jina la kitu cha ndani huanza na kistari cha chini, kumwambia mwenzako asiguse, apitie kwenye sehemu inayokagua. Ni adabu tu. Asiye na adabu hazuiwi.

Juzi nikaona Beniam, fundi wetu mkuu, amekipuuza kistari kwa haraka zake. Joto analoandika muuguzi linaingia moja kwa moja, bila ukaguzi. Nikajaribu kwenye kisanduku cha karakana: badala ya thelathini na tano nikaandika arobaini na tano. Kikakubali. Kipimajoto kikapanda, kengele kimya. Nilichomoa waya ukutani.

Nikamwambia Beniam wakati wa kahawa. Akacheka mbele ya wote: “Jamani, huyu mtoto angefunga kufuli hata sufuria ya mchuzi wa shiro!” Nikasema muuguzi anaweza kukosea tarakimu moja. “Muuguzi ni mtu mzima, Bezawit. Kunywa kahawa, inapoa.” Woizero akaniuliza kama nina la kuongeza. Unanijua, kaka. Nikakusanya vikombe, jaribio langu sikulitaja.

Leo asubuhi gari limeondoka na visanduku viwili kwenda hospitali, Dessie. Nilisaidia kupakia. Kaka, nilichomoa kadi za programu. Bila kadi haviwaki kabisa. Hakuna anayejua bado. Ninazo mfukoni, na kila simu ikilia ofisini nadhani ni Dessie. Watasema nimeiba, na wewe ndiye uliyenidhamini. Nikimaliza kuandika naenda kuziweka mezani kwa Woizero.

Msalimie sana wifi, na majirani wa uani. Wakikupigia, usiniombee msamaha. Waombe tu wawashe kile kisanduku cha karakana na kuandika arobaini na tano, kabla hawajaita polisi.

Mdogo wako akupendaye,
Bezawit