Jotham wa Kulesa, Mjumbe Wetu wa Mto

Mwaka umetimia, Baba Valentine, tangu ulipotuaga kwamba unakwenda kuangalia mpunga wako bondeni, na hukurudi.

Waliokuja kuandika ripoti walisema ni mamba. Haya. Lakini malapa yako tuliyakuta ukingoni yamepangwa vizuri, na wewe hata mlangoni pako uliyatupa moja huku moja kule, mkeo Elsie akikugombeza kila siku. Tumelimeza jambo hilo mwaka mzima.

Tunaukumbuka ubishi wako wa upole. Kundi letu la mto mlilianzisha wewe na Adano, mkulima Mpokomo na mfugaji Mworma, na utaratibu wake mliubuni wenyewe: hakuna neno linalopita mpaka Mworma alirudie la Mpokomo kwa kinywa chake, na Mpokomo la Mworma. Adano alikutania, "Sema tena, Jotham. Nimesikia mpunga tu, ng'ombe wangu umewaacha wapi?" Mnacheka, mnaanza upya.

Kundi likaingia katika ule mtandao wa watetezi wa mazingira wa nchi nyingi, wewe na Adano mkawa wajumbe wetu. Ulirudi kutoka mikutano ya ng'ambo ukashika jembe kama kawaida. Huko nako waliwasikiliza, wakaweka kwenye katiba yao kwamba mto usiamuliwe bila wenye mto. Tulijivuna sana.

Sasa makao makuu ya mtandao huo yanataka kipengele hicho kifutwe, eti kinachelewesha kazi. Kura ni mwezi ujao. Kundi haliwezi kupiga kura bila wajumbe wawili, mmoja wa kila upande, na Adano amebaki peke yake. Vigingi vyeupe vya kupimia ardhi vimeshaingia kwenye mpunga wako, na kila tukiuliza ni vya nani, watu wanatazama pembeni.

Tunaogopa, Jotham, hatukufichi. Juzi mtu asiyejitaja alipiga simu, akauliza kwa adabu kabisa ni nani wa nyumba hii atakayekwenda badala yako. Mwanao Valentine alikata simu. Huenda mtu huyo naye anasoma tangazo hili la kumbukumbu, basi tumjibu mbele ya watu wote: ni Elsie, na hatasafiri peke yake.

Unakumbukwa na mkeo Elsie, wanao Valentine na Everline, mdogo wako Zachary, na Adano, aliyekataa tumwandike rafiki, akasema aandikwe ndugu.

Hutatutoka moyoni kamwe.