Ufa Kwenye Mkono wa Lifti

Louisville, Jumapili mchana

Kwako yaya Bamurange, dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Clintonville, wewe na shemeji Salomon na watoto. Miguu yako bado inavimba ukitoka kuhudumia wale wazee? Mama alinipigia simu jana kutoka Buffalo. Anasema theluji imeisha, lakini kwaya yao bado inaimba kama watu wenye baridi. Mimi mwili ni mzima. Bon, moyo ndio hautulii. Tangu asubuhi nimeanza barua hii mara tatu, nikainuka, nikazunguka nyumba, nikakaa tena.

Niliwaambia kwamba kiwanda chetu hapa Okolona kinatengeneza lifti, nanyi mkadhani ni za hospitali. Sikuwasahihisha. Ni lifti za manowari, zile meli kubwa zinazobeba ndege za vita. Ndege hukaa tumboni mwa meli, na lifti huzipandisha juu zinakorukia. Gatera, mzee wa Uvira ninayefanya naye kazi, alinieleza kwamba zamani lifti ziliwekwa katikati ya meli; bomu likipiga hapo, linabaki shimo na ndege haziruki tena. Ndiyo maana wahandisi walizisogeza pembeni. Mpaka leo wanachora na kufuta. Kipande ninachochomelea mimi, mkono wa chuma unaoshika kapi za nyaya, mchoro wake umebadilishwa mara nne. Kila mara unakuwa mwembamba zaidi ili meli ipungue uzito, na kila mara unakuwa mgumu zaidi kuchomelea.

Jumatatu nilikuwa nafuta vumbi kwenye mkono mmoja kabla haujapakwa rangi, nikaona ufa. Mwembamba kama unywele, kwenye mshono wangu mwenyewe. Ukaguzi ulikuwa umeshaupitisha. Sheria yetu ni kusema palepale. Sikusema. Jumanne ukapakwa rangi, nikanyamaza. Jumatano ukafungwa kwenye mbao kusubiri lori la Ijumaa.

Alhamisi, tukiwa tunakula, Gatera akanionyesha picha kwenye simu. Ni binti yake Rakeli, aliyeingia jeshi la majini la Marekani mwaka jana. Amevaa kofia ngumu na viziba masikio, amesimama juu ya lifti kando ya gurudumu la ndege, anacheka.

“Anasimama hapo kila siku,” Gatera akaniambia. “Namwambia asiogope, wanaochomelea vyuma hivyo nawajua.”

Niliacha chakula mezani. Niliinuka nikaenda kwa Nkusi, msimamizi wetu, nikamwambia afungue zile mbao.

Walikwangua rangi, wakakuta ufa umeshaongezeka. Mkono ukakatwa. Mingine mitano niliyoichomelea ikarudishwa kwenye ukaguzi, na yote ikaonekana mizima. Nkusi akaniuliza kwa nini nilikaa siku tatu. Nikajibu kwamba niliogopa kufukuzwa. Alinihurumia, akaahidi kuniombea kwa wakubwa nibaki, ila nihamie upande wa matela ya malori.

Yaya, sikuogopa kufukuzwa. Nilipouona ule ufa nilimwona Baba, siku ile ndege ya vita ilipompiga bomu kijitoni akiwa na ng’ombe, nawe ukaniziba macho nisitazame. Nikasema moyoni, acha uvunjike. Acha hata ndege moja izame baharini. Sikufikiri kabisa kwamba kuna watu wanaosimama pale.

Huruma ya Nkusi ilinichoma kuliko matusi. Ijumaa nilirudi kwake nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Hakufoka. Aliandika, akanipa karatasi nitie sahihi, akachukua kadi yangu ya mlango. Donc sina kazi, na wamesema watu watakuja kunihoji. Nikisikia gari nje, nasimama dirishani.

Mama usimwambie kwa simu. Ukienda Buffalo, kaa karibu naye umweleze yote taratibu, maana Baba alikuwa mume wake kabla ya kuwa baba yetu. Lakini kuna moja ambalo nakuachia wewe peke yako, yaya. Tangu tulipomzika Baba, sijawahi kulala vizuri kama siku zile tatu.

Nisalimie shemeji na watoto, na unikumbuke katika sala zako za asubuhi. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Shami